Chemko la Saa Nane za Usiku

Mume wangu alianza kumpigia mtoto muziki kabla mtoto hajaota masikio. Mimba ilikuwa bado siri yetu wawili, naifunika kwa dera pana hata dada zangu wasijue, na yeye kila jioni akitoka kazini ananilaza kwenye kochi, ananiwekea kispika cha kuchaji juu ya kitovu, kisha anakaa pembeni kusubiri majibu. Majibu yaliyopatikana yalikuwa kichefuchefu changu. Nikamwambia, "Huyu hata vidole hajamaliza." Akanijibu kwa upole wa mtu anayemhurumia asiyejua: "Hasikii, lakini anahisi."

Mtoto huanza kuitikia sauti kwenye mwezi wa sita hivi wa mimba. Ulipofika, nikalala kwenye kochi bila ubishi, maana miguu ilikuwa imevimba na kochi nalitaka mwenyewe. Ila nilikuwa nimesoma kwamba tumboni si kimya vile tunavyodhani. Kuna damu inayopita, moyo unaodunda, chakula kinachosagwa, na sauti ya mama mwenyewe inayomfikia mtoto ndani kwa ndani. Sauti za nje, zile nyembamba hufifia njiani. Zinazopenya vizuri ni nene. Kwa hiyo katika bendi nzima yenye waimbaji, tarumbeta na magitaa, kilichomfikia mwanetu kilikuwa gitaa la besi, tena likigombea nafasi na maharage yangu ya mchana.

Aliyeanzisha yote haya ni Mozart. Kazini kwao kuna mtu aliyemwambia kuwa mtoto akisikilizishwa Mozart anakuwa na akili, na mume wangu, ambaye bei ya nyanya tu hawezi kuiamini mpaka aulize meza tatu, hilo akaliamini palepale. Mimi nikaitafuta habari yenyewe. Mwaka 1993 Frances Rauscher na wenzake wawili wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, waliwasikilizisha wanafunzi wa chuo dakika 10 za sonata ya Mozart ya piano mbili, kisha wakawapa maswali ya kukisia karatasi iliyokunjwa na kukatwa itaonekanaje ikikunjuliwa. Waliosikiliza Mozart walifanya vizuri kuliko walipokaa kimya, na faida yenyewe ikayeyuka baada ya robo saa hivi. Kichanga hakikuwepo hata kimoja. Lakini habari ikasafiri, ikanenepa njiani, na mwaka 1998 gavana wa jimbo la Georgia huko Marekani, Zell Miller, akaliomba bunge lake dola 105,000 ili kila mtoto anayezaliwa jimboni apewe muziki wa aina hiyo wa kwenda nao nyumbani.

Nilimsomea mume wangu yote hayo, neno kwa neno. Alichoshika ni kwamba gavana mzima alitaka fedha.

"Sasa kama Mozart, aliyekufa 1791 hajafika hata Chalinze, anaweza kukunjua karatasi," akasema, "Gurumo atashindwa nini?"

Muhidin Gurumo kwetu hatajwi ovyo. Aliimba NUTA Jazz tangu miaka ya 1960, bendi ambayo leo ni Msondo Ngoma. Mwaka 1978 akawa miongoni mwa waliosimamisha Mlimani Park, ndiyo Sikinde. Baadaye akarudi tena Msondo, hadi uzeeni. Yaani aliuimbia ugomvi wa Msondo na Sikinde kutoka pande zote mbili. Mume wangu ni Sikinde, kaka yake ni Msondo, na kwenye harusi za ukoo wao anayepanga meza huwa analijua hilo.

Mtoto akazaliwa salama, wa kike, akapewa jina zuri la marehemu bibi. Humu ndani tukamwita Mheshimiwa, kwa kuwa akiingia sebuleni wote tunasimama, na akilia kikao kinaahirishwa.

Mpango wa baba yake ulikuwa Sikinde ya kulalia. Sikuupinga. Nyimbo zile huanza taratibu. Magitaa yanazungumza kwa adabu, mwimbaji anasimulia matatizo yake ya ndoa kwa Kiswahili fasaha, mtu mzima unasinzia, sembuse mtoto. Tatizo liko kwenye umbo la wimbo wenyewe. Beti zikiisha, ngoma inageuka: gitaa la solo linapanda, tarumbeta zinaingia, wanamuziki wanaanza kuitana majina, na watu waliokuwa wameketi na soda zao ukumbini wanainuka wote. Hilo ndilo chemko. Kwa mcheza dansi, beti zote zile ni nauli tu ya kufika kwenye chemko. Kwa mzazi aliyetembea na mtoto begani kutoka mlangoni hadi dirishani mpaka akalala, chemko ni wizi wa mchana kweupe, isipokuwa unafanyika saa nane za usiku.

Mume wangu akajifunza kumlaza mtoto huku mkono mmoja uko kwenye kitufe cha sauti. Usiku mmoja niliamka nikamkuta amepiga magoti kando ya kitanda. Mheshimiwa kalalia mkono wake wa kushoto, mdomo wazi. Mkono wa kulia umenyooshwa hadi kwenye meza ya sabufa, umeshika rimoti, kidole gumba kinatetemeka hewani. Ubeti wa mwisho unaisha. Wanamuziki wanavuta pumzi. Anabonyeza. Rimoti haiitikii, kwa sababu betri zake zilikuwa zimehamishiwa kwenye saa ya ukutani, na tarumbeta zote za Mlimani Park zikaingia chumbani kwetu kwa pamoja.

Nikashauri jambo lililo wazi: akate nyimbo kabla ya chemko, abaki na beti. Aliniangalia kwa muda. Akasema kuna maneno mke hamwambii mumewe hata kwa hasira.

Tunakaa nyumba ya kupanga, Tabata, ukuta mmoja na jirani ambaye ni mlinzi wa usiku. Analala mchana, saa zilezile anazolazwa Mheshimiwa. Alivumilia wiki nyingi kuliko ambavyo ningevumilia mimi, kisha akaja kubisha hodi akiwa na shuka begani.

"Jirani," akamwambia mume wangu, "mimi muziki siukatai. Ila nalala na ubeti, naamka na chemko."

Wakapatana vizuri, kiume, kwa kupeana mikono, na hakuna kilichobadilika. Kilichotokea ni kwamba yule kijana, ambaye ukimtazama tu unajua amekulia kwenye Bongo Fleva, akazijua nyimbo za Sikinde moja baada ya nyingine, mpaka akawa anaweza kulihisi chemko likija huku amelala. Ukuta unagongwa mara mbili, sauti inapita kwenye matofali: "Baba, punguza, chemko hilo!" Na kweli, punde tu, tarumbeta. Akawa msaada mkubwa kuliko rimoti.

Mama yangu naye alikuwa amefika kutoka Tanga kunilea uzazi. Arobaini ikapita, akabaki, kwa hoja kwamba hawezi kumwacha mjukuu wake ukumbini. Mama ni wa Tanga ile ya Black Star na Lucky Star, Tanga ya Shakila, na kwake yeye muziki ni taarabu, vingine vyote ni watu wanaosumbuka na vyuma. Tena taarabu haiimbwi ovyo. Mtoto akianza kulia, mimi nakimbia na nywele zangu timutimu. Mama kwanza anaoga. Anajifunga kanga mpya, anajifukiza udi, anakaa mkao wake, ndipo anasema, "Haya, nileteeni mgeni wangu." Mheshimiwa wakati huo kashalia mpaka kawa zambarau.

Kuna jambo moja nililisahau kumwambia mume wangu, yeye akiwa mtu wa bara. Kwenye taarabu, msikilizaji ubeti ukimgusa huinuka akaenda mbele kumtunza mwimbaji, noti mkononi. Mama akifika mahali panapomkolea hunyoosha kiganja upande wa mkwewe, bila kumtazama, huku anaendelea kuimba. Mara ya kwanza mume wangu alidhani anaombwa maji, akaleta maji. Mama akayanywa, akairudisha glasi, akanyoosha kiganja tena. Nikamnong'oneza. Tangu usiku ule akawa analala na elfu moja moja mfukoni mwa bukta.

Lingekuwa suala la fedha peke yake tungelimudu. Lakini taarabu ni mafumbo, na mafumbo yanahitaji mtu wa kupigwa. Baada ya siku chache Mama akawa hatumii tena nyimbo za watu. Akawa anatunga palepale, mjukuu mapajani, sauti laini kabisa, macho darini:

Nyumbani kuna sabufa, meza haina mguu,
Ukuta watoka nyufa, mwenyewe ana makuu.

Meza yetu ya chakula kweli haina mguu mmoja, imesimama kwenye tofali. Mume wangu alisikiliza mpaka mwisho. Mheshimiwa alikuwa amelala fofofo, wimbo ulikuwa umefanya kazi yake kwa namna ambayo Sikinde haijawahi. Na mkwe hajibiwi; hilo hata bara wanalijua. Akasimama, akasogea, akainama kwa heshima na kumtunza Mama elfu moja.

Mimi sauti sina. Shule ya msingi niliingizwa kwaya kwa ajili ya urefu, nikasimamishwa mstari wa nyuma na kuagizwa nifungue mdomo tu. Nikibaki na mtoto peke yangu naimba ninachokijua, na ninachokijua baada ya miaka ya kupanda daladala ni makonda: Relini, Bima, Segerea, Kinyerezi, twende mwisho, siti ipo, mama wawili hapo nyuma. Nikayatia mwendo wa pole, nikambembeleza nayo, na Mheshimiwa akatulia akinitazama kwa makini mithili ya mtu anayesikiliza asije akapitishwa kituo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Montreal, Kanada, walitoa matokeo mwaka 2016 ya watoto wa miezi 7 hadi 10 waliowekwa wasikilize sauti bila kumwona mtu. Wakisikia maneno ya kuzungumza walivumilia dakika nne na kidogo kabla ya kuanza kununa. Wakisikia kuimba, dakika tisa hivi. Na wimbo ulikuwa wa Kituruki, lugha ambayo watoto wale hawakuwa wanaisikia kwao. Kwa hiyo kama Kituruki kinafaa Montreal, sioni kwa nini Kinyerezi isifae Tabata. Nilimweleza Mama habari hiyo. Akauliza huyo Mturuki alitunzwa shilingi ngapi.

Wakati sisi watatu tunagombea masikio ya mtoto, mtaa ulikuwa unaendelea na shughuli zake. Mbele ya nyumba kuna kinyozi, na kinyozi ana spika mbili zinazotazama barabarani, na kutoka kwenye spika hizo kuanzia saa tatu asubuhi inatoka singeli. Asiyeijua singeli asimame kando ya barabara ya Mbagala au Manzese Jumamosi. Haitachukua muda kumpitia. Ni muziki uliozaliwa uswahilini kwetu hapahapa Dar es Salaam, na mwendo wake ni mapigo 200 kwenda juu kwa dakika, mengine yanakaribia 300. Mtu mzima kuucheza lazima achague kiungo kimoja akitoe kafara.

Mume wangu alikuwa akipita na mtoto pale anaongeza hatua, kamfunika kichwa kwa shali. Siku moja kinyozi akamsimamisha wazungumze bei ya umeme. Shali likateleza. Mheshimiwa akaigeuza shingo kuelekea spika, akaacha kunyonya kidole, macho yakatoka, miguu yote miwili ikaanza kupiga tumbo la baba yake. Nikaona nimtetee mtoto. Nikamwambia mume wangu kuwa moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika, na wa kichanga hupita 100, mara nyingi ukafika hata 160. Singeli ni kasi hata kwake, lakini katika ukoo mzima yeye ndiye aliye jirani nayo. Pengine Sikinde anaisikia kama sisi tunavyosikia hotuba.

Mume wangu hakula vizuri usiku ule.

Uchungu huo ndio uliomfanya ampigie simu baba yake mdogo kule Dodoma, na baba mdogo akaja na basi, amevaa koti, kapakata ilimba kwenye mfuko wa salfeti. Wagogo ni watu wa muziki, na ilimba ndiyo fahari yao. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki 2003, aliipiga mpaka Ulaya wakamjua. Ni sanduku la mbao lenye vijiti vya chuma vilivyobanwa juu yake, unavipiga kwa vidole gumba. Ila uzuri wake umejificha mahali pengine. Kwenye sanduku kuna tundu, na tundu hilo huzibwa kwa utando mweupe wa buibui, ule anaofungia mayai yake, mwembamba kuliko karatasi ya sigara. Chuma kikilia, utando unatetemeka na kuongeza mlio wa kuvuma kidogo, kitu kama nyuki wa mbali. Bila utando ule, alisema baba mdogo, hiyo si ilimba, ni kabati.

Akapiga. Sijui niseme nini zaidi ya kwamba hata Mama aliacha kuchambua mchele. Kinyozi alikuwa kwenye singeli yake nje na hakuna aliyemsikia. Mheshimiwa, ambaye sasa alikuwa anakaa mwenyewe bila mto, aliinamia kile chombo, akakisikiliza kwa heshima zote, akaingiza kidole kwenye tundu, akautoa ule utando wa buibui na kuutia mdomoni.

Nikapiga kelele. Mume wangu akampindua mtoto, mimi naingiza kidole mdomoni nautafuta, haupo. Baba mdogo yeye kashika sanduku lake, anachungulia tundu, analia kwa sauti ya chini: huku mjini buibui wa aina ile atamtoa wapi? Mama ndiye peke yake aliyebaki kwenye kiti. "Kawaida," akasema, "mwenzake huyu," akanionyesha mimi, "alikula mende, na leo anasoma utafiti."

Baba mdogo akakaa wiki nzima akipekua kuta za choo cha nje na tochi.

Ikaja Jumapili ambayo shemeji, yule wa Msondo, alitangaza anakuja kumwona mtoto, na mume wangu akaona hapo ndipo pa kumaliza ubishi. Alikuwa anadai kwa muda mrefu kuwa Mheshimiwa anacheza Sikinde. Mimi nilikuwa nimeona anavyocheza: baba yake anamshika mabega na kumtikisa kufuata ngoma, kisha anatuuliza kama tumeona. Mwaka 2010 Marcel Zentner na Tuomas Eerola walichapisha matokeo ya watoto 120 wa miezi 5 hadi 24, waliokuwa wanajitikisa zaidi kwa muziki na midundo kuliko kwa maneno ya watu, na waliokaribia kwenda sawa na mdundo walitabasamu zaidi. Katika majaribio yale mtoto alikaa mapajani kwa mzazi, na mzazi alivalishwa vifaa vya masikioni asiusikie muziki, asije akamtikisa. Mume wangu asingepita hata mlangoni pale.

Tukakaa: shemeji kwenye kochi, baba mdogo na ilimba yake isiyo na utando, Mama na kanga mpya. Mheshimiwa akawekwa mkekani katikati na kupewa rimoti ya sabufa aitafune, maana meno yalikuwa yanatoka. Safari hii rimoti ilikuwa na betri. Mume wangu alizitoa kwenye kile kidude cha LUKU, cha kuingizia namba za umeme, akasema umeme upo, betri za nini.

Sikinde ikapigwa. Ubeti wa kwanza, rimoti. Ubeti wa pili, rimoti. Ukuta ukagongwa mara mbili. Chemko likaja lote, na tarumbeta zake, na mume wangu akiwa magotini anapiga makofi mbele ya mtoto. Mheshimiwa akapiga miayo. Shemeji, kwa furaha asiyoificha, akatoa simu yake akaweka Msondo. Mheshimiwa akajikojolea. Shemeji akadai hiyo ni dalili nzuri.

Hapo kile kidude cha LUKU kikaanza, kutoka ukutani juu ya jokofu: pii. Pii. Pii. Uniti zinaisha.

Mheshimiwa akainua kichwa. Akageuka, rimoti mkononi, akatafuta sauti inakotoka. Akatulia kidogo, na pii iliyofuata akanyanyua mabega. Iliyofuata, mabega na kichwa. Kisha akajishika kwenye goti la shemeji, akajiinua, akasimama kwa mara ya kwanza katika maisha yake, na kucheza, magoti yanakunja na kukunjuka sawasawa na ule mlio, anacheka mpaka mate yanadondoka. Hakuna aliyemshika bega.

"Nunua umeme basi, utakatika," nikamwambia mume wangu.

"Nimeshanunua," akasema. Simu ilikuwa mkononi, namba za tokeni ziko kwenye kioo, naziona. "Subiri kwanza. Usiingize. Mwangalie."

Tukamwangalia. Tukamwangalia mpaka feni ikapunguza mwendo, taa ikazima, jokofu likakohoa likanyamaza, na ile pii ikafa nayo. Mheshimiwa akasubiri iliyofuata. Haikuja. Akakaa chini kwa kishindo na kulia kilio ambacho hata siku ya chanjo hatukukisikia.

Mume wangu akakimbilia ukutani, akabonyeza kidude. Kimya. Bila umeme kinataka betri, na betri zilikuwa ndani ya rimoti, na rimoti ilikuwa kwenye ngumi ya Mheshimiwa, na ngumi ile haikuwa na nia ya kufunguka. Shemeji akajaribu kwa biskuti. Mimi nikajaribu Relini, Bima, Segerea. Mama akasema hawezi kuimba hajaoga.

Baba mdogo ndiye aliyeanza. Mzee mzima, mtu ambaye kijijini kwake vijana hushuka baiskeli wakipishana naye, aliegemea mbele na koti lake gizani akasema, "Pii."

Kilio kikapungua.

"Pii," akasema shemeji.

"Pii," mume wangu naye, akiwa amechelewa kidogo, na shemeji akamwambia hilo ndilo tatizo la watu wa Sikinde. Wakabishana nusu dakika, mtoto akapandisha tena, ikabidi waache. Mama akakubali kuingia, sauti ya juu, akinyoosha kiganja pembeni. Tukaenda hivyo watu wazima watano, pii, pii, pii, Mheshimiwa kasimama tena katikati yetu anatikisa makalio, rimoti kaikamata vilevile, mpaka ukuta ukagongwa mara mbili.

"Jirani," sauti ikapita kwenye matofali, "samahani, hii ni bendi gani? Chemko lake siku hizi linakaa wapi, nijiandae?"